Kasuku na Maharage ya Makande

Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba Mama Mdogo Naomi alimuua kasuku kwa jicho lake. Walioniambia walikuwa watu wazima wenye akili zao, wa kanisani kila Jumapili, tena viti vya mbele. Leo nina watoto wangu, na bado nikiikumbuka asubuhi ile damu inanichemka.

Kasuku huyo alikuwa wa Baba Mdogo Elia, mdogo wake baba yangu na mume wa Naomi. Alimleta kutoka Tanga, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, akamfundisha kusema shikamoo. Basi ndege akawa anaamkia kila kiumbe: wageni, sisi watoto, hata mbuzi. Bibi, mama yake baba, alikereka mwanzoni, kisha akamtafutia kazi. Akasema ndege anayeishi ndani ya nyumba ni kinga. Jicho la hasidi likiingia humpata yeye kwanza, watu wakasalimika. Na kinga, kwa maneno ya Bibi, hailishwi kitu kilichopita motoni, kwa sababu moto unaimaliza nguvu.

Kwa hiyo kasuku alikula vibichi tu. Njegere za shambani kwetu, kule chini ya miamba ya Irente, alizimenya mwenyewe kwa mdomo wake na hazikumdhuru hata siku moja. Ila njegere zina msimu wake. Zilipokwisha, Bibi akaanza kutazama huku na huku ampe nini, na jikoni palikuwa na beseni la maharage mekundu ambayo Mama Mdogo Naomi alikuwa ameyaloweka kwa ajili ya makande. Bibi akachota kiganja kimoja, akaelekea kwenye tundu.

"Mama, nakuomba, usimpe hayo," Naomi alisema. "Subiri yaive. Maharage makavu yakiwa mabichi ni sumu, hata ukiyaloweka. Kwetu Gare kuku waliyala hivyohivyo, wakafa."

"Njegere si anakula?"

"Njegere mbichi ni laini, mama, hazina shida. Haya lazima yachemke sana. Nitamtengea yake pembeni kabla sijatia chumvi na kitunguu."

Bibi alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Yaani wewe ndiye wa kuipikia kinga ya nyumba yangu?"

Naomi akarudi kwenye beseni lake. Alikuwa ameolewa miaka mingi na hajazaa, na kwetu mke wa namna hiyo hana kinywa mbele ya mkwe. Kasuku akayala maharage yale kwa furaha. Jioni akajikunyata na kuvimbisha manyoya, akawa anatapika. Asubuhi tulimkuta amelala chini ndani ya tundu, miguu juu.

Kikao kikaitishwa siku hiyohiyo, sebuleni. Baba yangu, kama kaka mkubwa, ndiye aliyekiongoza. Bibi alikuwa na swali moja tu.

"Alijuaje kwamba atakufa?"

Hilo ndilo lililomhukumu. Mtu anakwambia usikanyage hapo panateleza, unakanyaga, unaanguka, kisha unamkamata yeye kwamba ndiye aliyekusukuma! Naomi alisimama katikati ya wakwe zake akajaribu kuwaonyesha upuuzi huo.

"Nani humu ndani amewahi kula maharage yasiyoiva?" aliuliza. "Hata mtoto hapewi. Nilisema niyachemshe, mkakataa. Sasa uchawi wangu uko wapi?"

"Ulitaka kuivunja kinga kwa moto," Bibi akajibu. "Umeshindwa, ukaimaliza kwa jicho. Huna mtoto, ndiyo maana unawaonea kijicho wenye watoto."

Baba Mdogo Elia alikuwa anatazama sakafu. Mwanamume mzima, mumewe, hakufungua mdomo! Baba yangu akatamka kwamba kwa usalama wa watoto Naomi arudi kwao Gare, kule juu mlimani. Usalama wetu! Kabla hajaondoka, Mama Mdogo aliingia jikoni akatupashia makande yaliyobaki jana yake, akafunika sufuria, ndipo akachukua sanduku lake. Tukala na kushiba.

Elia alioa tena kabla ya mavuno yaliyofuata.

Hivi karibuni binti yangu ameanza kufuga ndege wawili wadogo hapa Lushoto mjini, nikaenda kumuuliza bwana mifugo chakula chao. Akaniambia maharage makavu yasiyopikwa yana sumu inayoweza kumuua ndege. Yalowekwe, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa moto mkali hadi yapondeke kwa vidole, yapoe, apewe kidogo, bila chumvi, mafuta wala kitunguu. Nilisimama pale nikimsikia Mama Mdogo Naomi neno kwa neno.

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Bibi na Elia wameshafariki, amebaki yeye. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza yote. Nilitegemea ashtuke.

"Kwani nani hakujua?" alisema, akiendelea kunywa chai yake. "Bibi yako ndiye aliyeamini mambo ya jicho. Sisi wengine tulijua ni maharage. Lakini mdogo wangu alihitaji mtoto, na mke wa ndoa ya kanisani humwondoi hivihivi tu. Ile ilikuwa nafasi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimewahurumia kidogo, nikisema ni imani za zamani, zimewapotosha. Bibi namwachia Mungu, maana yeye aliogopa kweli. Baba hakuogopa kitu. Aliuchukua woga wa mama yake akaufanya fimbo ya kumfukuzia mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kusema kweli jikoni, na akatuacha sisi watoto tukue tukimwita mchawi.

Nikamwambia avae viatu, twende Gare akamwombe Mama Mdogo radhi angali hai. Akasema mlima ni mkali, na magoti yanamuuma.

Mama Mdogo Naomi aliupanda kwa miguu, sanduku kichwani, mvua ikimnyeshea.