Dawa Chini ya Ulimi

Muuzaji wa dawa za mifugo, hapa mtaani Rohero, amefungua kopo la dawa ya minyoo, na harufu yake ya chaki imenijaza mate mdomoni.

Utotoni, shuleni walitugawia dawa kama hiyo. Mama alikuwa ameninong'oneza asubuhi: "Usimeze. Uniletee, kuku yetu inakufa na minyoo." Nikaificha chini ya ulimi. Ikaanza kuyeyuka, mate meupe yakanitiririka kidevuni.

"Fungua kinywa," mwalimu akasema. "Hii unamuwekea nani?"

"Kuku ya mama."

Darasa zima likacheka. Mmoja, kule nyuma, akawika kama jogoo.

"Dawa ni ya nani, papa?" muuzaji ananiuliza.

Natazama nyuma kwanza, ndipo namjibu kwa sauti ndogo: "Ya kuku."