Mdomo wa Gunia

Gudugudugudu! Ndivyo vilivyolia viazi vya Wangeci vilipomwagika juu ya turubai uwanjani mwa kanisa, na mpaka leo watu wa Dundori wakisikia kishindo kama hicho shambani huangaliana wakacheka.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mwenye gunia bora la viazi angepewa mtamba wa ng'ombe mwenye mimba. Wangeci, mjane anayenunua maziwa kwa jirani miaka yote, alikuwa amemtamani mtamba huyo hata akamjengea zizi kabla hajamwona.

Bwana Weldon, afisa wa kilimo, alipita akifungua na kukagua magunia, akasimama kwenye la Wangeci. Viazi vya juu vilikuwa vikubwa kama ngumi za mwashi.

"Mathe, hapa umeshinda!" akasema, akaifungua kamba ya mtamba.

Wangeci akavitazama viazi, uso ukambadilika. Yeye alivitia guniani kama vilivyotoka ardhini, vikubwa na vidogo pamoja. Sasa mdomo wa gunia ulikuwa umepambwa, kama madalali wafanyavyo: vinono juu, vinyonge chini. Akamgeukia Immaculate, mke wa mwanawe, aliyebaki kulifunga gunia asubuhi ile. Immaculate akatazama viatu vyake.

"Hebu ngoja, Bwana Weldon."

Akalikumbatia gunia, akalipindua. Vidogo vikabingirika kila upande, vingine vimechomwa na jua vikawa kijani.

"Mama, hivyo ni viazi ama ndimu?" akauliza Chepkosgei, jirani yake mtani.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wangeci akacheka kuwashinda wote, kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Gunia ni langu," akasema, akijifuta machozi. "Nyinyi mnaona mdomo. Mungu anaona mpaka chini."

Mtamba akaenda kwa Chepkosgei, ambaye gunia lake lilifuata kwa ubora. Vigelegele vya kwanza vilikuwa vya Wangeci. Mnyama alipogoma kupanda kilima, ni Wangeci aliyemsukuma kwa nyuma akimwimbia wimbo wa maharusi, "Twende, bibi harusi, kwako si mbali," na wazee wa kanisa wakaitikia, tai zao zikipeperuka kwa upepo wa mlimani. Mchungaji, aliyekuwa ameandaa mahubiri marefu, aliyakunja akayatia mfukoni, akafuata msafara.

Jioni, Immaculate alikuwa jikoni akimenya viazi vile vilivyofaa kuliwa.

"Mama, ni mimi nilivipanga. Nilitaka upate ng'ombe. Mbona hukunitaja?"

Wangeci akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega naye, akachukua kiazi.

"Ningekutaja," akasema kwa sauti ya chini mno, "Jumapili ijayo ungeketi na nani kanisani?"