Hapana ya Mazoezi

Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mkuu wa dispansari, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Nchi yetu ilikuwa ingali inaitwa Zaire, na wageni walikuja Kalemie kuwafundisha maofisa wa jeshi kufanya kazi bega kwa bega na raia na mashirika ya nje. Zoezi lenyewe lilikuwa mchezo: kipindupindu kimeingia, kapiteni anataka seramu zote, zile chupa za kutundikia wagonjwa, ziende kambini, mimi muuguzi ninakataa, naye anajifunza kuzungumza nami bila kuamuru.

Kukataa! Jirani yangu alikuwa amemkatalia askari baiskeli yake, akarudi nyumbani na mkono uliovunjika.

Kapiteni akasimama mbele yangu ukumbini, akadai seramu. Nikajibu, "Ndiyo, shefu." Maofisa wakacheka. Mwalimu wa kigeni, mtu mpole mwenye tiketi ya ndege ya kurudi kwao, akasimamisha mchezo, akaniambia kwa Kifaransa nisiogope, hapa tuko darasani. Tukarudia. Safari hii nilitazama viatu vya kapiteni, nikasema, "Hapana." Wakapiga makofi. Kapiteni peke yake hakupiga.

Wageni walipoondoka, kipindupindu kikaja kweli, pamoja na wasafiri wa ziwani kutoka Moba. Vitanda vikajaa, wengine tukawalaza kwenye mikeka. Asubuhi moja jipu ya jeshi ikasimama mlangoni, kapiteni yule yule akaingia na askari wawili.

"Mama, leta ufunguo ya depo. Seramu yote inaenda ku kambi."

Ufunguo wa stoo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kitenge. Nyuma yangu alilala mwanamke aliyetoka Kirungu, upande wa Moba, chupa yake ikikaribia kuisha.

"Hapana, shefu. Mulete wagonjwa wenu hapa, tutawatunza wote."

"Mama," akasema polepole, "ile hapana yako, wazungu walienda nayo."

Askari mmoja akahamisha bunduki begani. Nililishika lile fundo, nikahisi maji ya moto yakinishuka miguuni. Kapiteni aliyaona. Akatazama sakafu, akamtazama yule mwanamke, akasema, "Nitarudi." Wakaondoka.

Jioni wagonjwa wa kambi waliletwa, nikawapokea. Yeye mwenyewe hakurudi. Lakini mpaka leo, jipu ikipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, mkono wangu unakwenda kwenye pindo la kitenge, ingawa ufunguo nilishaukabidhi zamani.