Nyumba Tulizozipa Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa na mbwa kabla sijapima hata futi moja. Nilikuwa nimeajiriwa na baraza la mji kuwa mshika tepu, yaani yule anayevuta utepe wa kupimia kutoka bikoni moja ya ploti hadi nyingine. Bikoni ni kile kichuma kinachozikwa kwenye kona ya kiwanja kuonyesha mpaka. Siku hiyo sikuiona bikoni yoyote. Nilimwona mbwa, nikaliona geti, nikaziona gamboti zangu mpya zikibaki kwenye matope.

Mji wenyewe sitautaja, maana watu wake wanajijua na mimi bado naishi nao. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Ikonge, kwenye majani chai, na kazi ilinipeleka Keroka, Masimba na kwingineko, lakini kila mara nilirudishwa katika mji huo huo. Nilichukuliwa kwa sababu moja tu: Mthamini Mkuu alitoka kule ziwani, hakujua lugha yetu ya Ekegusii, na wenye ploti walipomwona walisahau Kiswahili chote walichofunzwa shuleni.

Mbwa yule alikuwa wa fundi cherehani aitwaye Ombati. Alipofungwa hatimaye, tuliingia. Nyumba ya Ombati ilikuwa ya matofali, imeezekwa vizuri, lakini haikuwa na plasta, na vyuma vya nguzo vilikuwa vimechomoza juu vikishika kutu. Mthamini Mkuu aliitazama, akaniambia, "Muulize kwa nini hajamaliza nyumba."

Nikamuuliza. "Anasema pesa ziliisha, bwana."

"Na jirani yake?"

"Naye pia ziliisha."

Mthamini Mkuu akacheka mpaka akavua kofia. "Kijana, hebu angalia huu mtaa wote. Hawa watu pesa ziliwaishia siku moja?"

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Watu wetu waliamini kwamba serikali hutoza kodi nyumba iliyokamilika. Kwa hiyo hawakukamilisha. Mtu alihamia, akaoa, akalea watoto na kuoza mabinti, na ukuta bado uko uchi. Ukimuuliza, pesa ziliisha. Wengine walikuwa na lori mbili barabarani.

Ajabu ni kwamba walijitesa bure. Kodi ya ploti wakati huo ilihesabiwa kwa thamani ya ardhi peke yake, kana kwamba hakuna kilichojengwa juu yake. Mthamini aliangalia ukubwa wa kiwanja, ukaribu wake na barabara na soko, na matumizi yaliyoruhusiwa, akaandika thamani katika orodha ya uthamini. Baraza nalo lilipanga mwenye ploti alipe sehemu gani ya thamani hiyo kila mwaka. Bangaloo na banda la kuku, mradi viwanja ni sawa, vililipa sawa.

Mthamini Mkuu alikuwa na mtindo wake. Akifika kwenye ploti alisimama akiipa nyumba mgongo, akatazama udongo na barabara, ndipo akaandika. "Jicho ni mlafi," aliniambia. "Likiona ghorofa, kalamu inanenepa. Ipe mgongo." Nami nikajifunza hivyo hivyo. Nilipopanda cheo nikawa msaidizi wa mthamini, nilifanya kazi miaka yote nimezipa nyumba za watu mgongo, na watu wakaniita Bwana Tepu.

Mnadhani walituamini? Ombati alimwambia mkewe, Nyaboke, nami nasikia, kwamba tunawapa mgongo ili wasituone tukiandika. Nilimweleza sheria kwa Ekegusii safi, kama mtoto wa nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa ndizi nne za kuiva, akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Hakupiga plasta. Alikufa bila kuipiga.

Mvua za kwetu huja alasiri, na nyumba ile ilielekea upande zinakotokea. Maji yalipenya kwenye matofali yakalowesha chumba cha watoto, nao wakawa wanakohoa msimu hadi msimu. Mwaka uliofuata mazishi, Nyaboke alinisimamisha nje ya kanisa.

"Mogaka," akaniambia, "wewe umekula kwa baraza siku nyingi. Nikipiga plasta, wataniongezea?"

"Hapana, mong'ina," nikamjibu, kama tunavyomwita mama wa heshima. "Kodi ni ya udongo. Nyumba yako hata hawaioni."

"Uniambie ukweli, kwa sababu sina mtu mwingine wa kuuliza."

"Ndio ukweli."

Akauza ng'ombe, akapiga plasta, akapaka rangi ya maziwa. Baadaye akachukua mkopo wa chama cha akina mama akajenga vyumba vya kupangisha kwa nyuma, na wanafunzi wa chuo wakavijaza. Watoto wakaacha kukohoa. Mtaa ulipoona kwamba hajaongezewa kitu, nao ukaanza kununua simiti, mmoja mmoja, kwa kuibia. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote cha utumishi. Nilistaafu nikijua kuna ukuta mkavu kwa ajili ya neno langu.

Mimi nami nilikuwa na ploti ndogo katika mtaa huo huo. Nikajenga kwa kiinua mgongo changu. Nikaezeka, nikaweka madirisha, na kabla ya plasta kitinda mimba wetu akaitwa chuo kikuu. Wazazi wenzangu mnajua kilichofuata. Tukahamia hivyo hivyo, mke wangu akaweka pazia, tukasema mwakani.

Miaka ikapita, na mapema mwaka huu tukaletewa pendekezo. Kodi ya ploti ipandishwe, na si hilo tu: majengo nayo yaingizwe katika hesabu. Wananchi watoe maoni kwanza, kisha wawakilishi wa wadi waamue. Mkutano ukatangazwa uwe Jumamosi, katika mji ambao nusu ya watu wake ni Wasabato na siku hiyo wako kanisani. Watu wakasema hiyo si bahati mbaya. Ukasogezwa hadi Alhamisi. Wakasema mbona wamekubali haraka hivyo. Siku yenyewe ilipofika, ukumbi ulijaa lakini karatasi ya mahudhurio ilibaki nyeupe, kwa kuwa kila mtu alijua sahihi yako mlangoni itageuzwa kuwa sahihi ya kukubali. Soda nazo zilikaa kwenye kreti. Kijana mmoja aliyeifungua yake alitazamwa kwa jicho baya hadi akaiweka chini.

Afisa aliyekuja alikuwa mthamini wa siku hizi, binti mpole mwenye tableti. Alituonyesha ukutani picha iliyopigwa na ndege isiyo na rubani. Paa za mtaa wetu zote zilikuwa pale, na vyumba vya Nyaboke vilikuwa viking'aa kwa nyuma. Niliumia. Sisi tulizipa nyumba mgongo, na hawa wanazitazama kutoka mbinguni.

Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo la haki: mitaro imeziba, taka zimejaa, mji hauwezi kuendeshwa kwa maombi, lakini waliojenga wakiamini sheria ya zamani wapewe muda. Sikufika kwenye muda.

"Bwana Tepu!" sauti ikatoka nyuma. "Mbona nyumba yako haina plasta?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nyaboke akasimama polepole. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Mogaka, pesa za wapangaji ndizo zinalipa ule mkopo. Hii ikipita, nauza ile nyumba. Mimi niliuza ng'ombe kwa neno lako. Wewe mwenyewe hukupiga. Ulikuwa unajua?"

Nikajikuta nasema, "Mong'ina, pesa ziliisha."

Vijana, sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walicheka wazee niliowauliza swali hilo hilo miaka yote, wakapigana mabega, na binti wa tableti akacheka bila kujua anacheka nini. Nyaboke hakucheka. Alikaa chini, akatazama mikono yake. Niliondoka kwa mlango wa jikoni nikiwa na aibu niliyokuwa sijawahi kuionja kazini.

Jioni ya Jumapili alikuja kwangu. Hakukaa. Alimwomba mke wangu amwonyeshe chumba cha upande wa mvua, akaingia, akaona kitanda chetu kimevutwa katikati, mbali na ukuta. Akapitisha kiganja kwenye tofali, kikatoka na maji.

"Hata Ombati alikuwa anavuta kitanda hivi," akasema.

"Sikujua, mong'ina. Naapa."

"Ombati naye alikuwa anaapa kwamba pesa ziliisha." Akajifuta mkono kwenye leso. "Piga plasta sasa, kabla hawajapitisha. Mtu anayejua hawezi kupiga sasa. Ukipiga, nitaamini kwamba hukujua."

Mke wangu alinitazama. Tulikuwa na ndama mmoja na pensheni. Tukamuuza ndama.

Fundi alianza Jumatano. Nilitoa kiti nje na kwa mara ya kwanza maishani nikakaa nikiitazama nyumba. Nyaboke alikuja akaketi kando yangu, mkoba magotini. Tuliokuwa tukipima tulidhani kazi yetu ni ardhi. Sasa naona kwamba watu walikuwa wakitupima sisi, na wao hawakutupa mgongo hata siku moja. Msilaumu shaka yao. Ombati alisema laja, na limekuja. Wawakilishi hawajaamua bado. Huenda kodi ikapita, na mimi nikalipa kwa ukuta ulioota ndevu za simiti siku chache tu baada ya mkutano, na Nyaboke akalipa kwa vyumba vyake, kama ataweza. Nimemwambia sina hakika ataweza. Hiyo ndiyo hesabu ya mwisho niliyompa, na sikuipamba.

Wanaume wawili walipita barabarani, wakasimama, wakautazama mwiko wa fundi ukipanda na kushuka. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Ekegusii, bila hata kupunguza sauti, "Unaona? Wamemlipa huyo. Anataka tufuate."

Nilitaka kuinuka. Nyaboke akanishika mkono.

"Wacha waseme," akasema. Kisha akamwita fundi: "Wewe, hapo juu umeruka. Rudia."