Mgomba Nilioushtaki Nikiwa Dirishani

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata shambani kwangu nafika pale tu ndizi za kupika zinapoisha. Lakini mdomo wangu hutembea.

Wiki iliyopita, nikiwa dirishani, niliona mgomba wenye majani ya njano upande wa jirani yangu, Mama Koku. Jioni kwenye mazoezi ya kwaya sikusema "nadhani." Nilisema, "Mama Koku ana ugonjwa wa mnyauko shambani. Nimeuona kwa macho yangu."

Kesho yake mnunuzi wa ndizi alipita kwake bila kusimama. Keshokutwa yake akaja bwana shamba na panga shambani kwa Mama Koku, mimi na majirani wengine tukiwa nyuma yake. Ugonjwa ukithibitika, migomba ya Mama Koku itang'olewa, na hiyo ndiyo inayolisha watoto wake watano.

"Nani aliuona?" bwana shamba akauliza.

Nikasukumwa mbele.

"Ulikata shina ukaona usaha?"

"Hapana."

"Ulipasua ndizi?"

"Sijafika huko, bwana shamba. Nadhani tu." Hiyo "nadhani" ilikuja imechelewa siku mbili.

"Haya, tuonyeshe."

Nikatangulia hadi kwenye mgomba wenyewe. Bwana shamba akainua panga. "Mama Koku, nikate?"

Mama Koku alikuwa anautazama mlamula, ule mti wa mpaka kati ya mashamba yetu, uliobaki hatua tatu nyuma yetu.

"Nitakuruhusuje mimi, mwanangu?" akasema taratibu. "Muulize jirani. Mgomba huu ni wake."