Salongo ya Jumamosi ilivyoniharibia nyangumi wa kale

Wakuu, salamu toka Bukavu. Hii sikusimuliwa, imenikuta mimi, na hasira bado ninayo.

Nasoma jiolojia. Mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, ilisimama juu ya kitu kimoja: pingili ya mgongo wa nyangumi wa aina iliyotoweka zamani sana, imegeuka jiwe. Ililetwa kutoka pwani ya Atlantiki, ikakaa miaka kwenye kabati la labo, maabara yetu ya chuo.

Ndiyo, nyangumi, Bukavu. Hata maman aliniuliza kama nyangumi ndiye atanipa kazi.

Eleweni hapa. Nilichotaka si mfupa, ni udongo mgumu ulioushika. Ndani yake mna viganda vidogo vya viumbe wa baharini, na ndivyo vinavyoonyesha kama bahari ile ilikuwa ya joto au baridi. Hali ya hewa ya zama zile ilikuwa kwenye uchafu ule.

Wakatangazwa wageni, wanasayansi wa kukagua labo. Kwetu mgeni akitangazwa, kila kisichokimbia kinapakwa chokaa. Chef wa labo, mkuu wetu, akaamuru salongo, usafi wa pamoja, Jumamosi. Mimi nikabaki nyumbani Kadutu, najiona msomi.

Jumatatu nafungua kabati, mfupa unang'aa. Umesuguliwa kwa brosi ya chuma, ukapakwa vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao.

Nikamtafuta Papa Mugisho, mfanya usafi wetu.

"Papa, udongo iko wapi?"

"Ule uchafu? Ulinitesa siku muzima, mutoto yangu. Nilimwanga mu mufereji."

Nikakimbilia mfereji na kijiko. Jumapili mvua ilikuwa imenyesha. Bahari yangu ya kale imeshuka Ziwa Kivu.

Wageni walipokwisha kupita, chef, aliyesomea mambo haya, akaniambia wageni waliusifu mfupa na kupiga nao picha. Nauliza: mtu wa sayansi anakuja kukagua sayansi au sakafu?

Nikarudi kumfokea Papa Mugisho. Hakubishana. Akanionyesha kikaratasi cha kabati, mwandiko wangu mwenyewe: "Mfupa wa nyangumi. Usivunje."

"Sikuvunja," akasema.



Chef nitamlaumu mpaka kesho. Lakini kikaratasi ni changu, na salongo niliikimbia mimi. Kama thamani ya kitu iko kwenye uchafu wake, mwambie anayeshika brosi, tena mapema.

Anayejua kipande kingine chenye udongo wake, aandike hapa chini. Anayetaka kusema mfupa sasa umependeza, apite kimya.