Kipande cha Nyama ya Moyo

Muzdalifa, mchuuzi wa viatu kutoka Unguja, alizoea kupanda ghorofa sita za soko la Zhanxi, huko China, akibishana bei njia nzima. Asubuhi ile ghorofa ya pili tu ilimshinda. Alikaa kwenye ngazi, jasho jembamba likimtoka, moyo ukimwenda mbio, wapagazi wakimruka na mizigo yao.

Hospitali walidhani mshipa wa moyo umeziba. Wakapiga picha, mishipa yote safi. Ndipo daktari akauliza jambo, na Edina, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bukoba aliyekuja kumtafsiria, akageuka.

"Anauliza kama uliugua mafua karibuni."

"Wiki mbili nyuma. Nikanywa tangawizi, yakaisha."

Edina alimsikiliza tena daktari, kisha akavuta kiti. "Dada, mafua yaliisha, ila kinga yako haikutulia. Wanahisi chembe zilizotoka kupigana na kirusi sasa zinashambulia msuli wa moyo. Ipo dawa ya kuipoza kinga, lakini kirusi kikiwa bado kimo moyoni, dawa itakipa nafasi. Lazima wachukue kipande cha nyama ya moyo wakipime."

"Kwa kisu?"

"Kwa waya, kupitia mshipa wa shingo. Mara chache sana, moyo hutoboka."

Muzdalifa alimpigia mumewe, Yasir, nyumbani Unguja.

"Usikubali!" Yasir alifoka. "Panda ndege urudi."

"Chooni kwenyewe sifiki, hiyo ndege nitaifikaje?"

Mashine kando ya kitanda ikaanza kulia. Wauguzi wawili wakaingia mbio. Edina akamsogezea fomu ya kukubali kipimo. Simuni Yasir alikuwa bado anasema.

"Nipe kalamu," Muzdalifa alisema, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni.

Waya ulipoingizwa alikuwa macho muda wote, midomo ikisoma dua. Mara nne alihisi kitu kikimdonoa kifuani.

Majibu yalitoka kesho yake: kirusi hakimo, chembe za kinga zimejaa msulini. Dawa ikaanza mchana huohuo. Siku tatu hapakuwa na nafuu, na Edina akaacha kumtazama usoni. Ya nne, Muzdalifa aliweza kulala chali bila kukosa pumzi.

Moyo haukurudi wote. Siku hizi hapandi ngazi. Wenye maduka wa Zhanxi humshushia viatu mlangoni, naye huvichagua akiwa kwenye kigoda, barakoa usoni, maana kwa dawa zile mafua ya mtu yeyote ni hatari kwake. Yasir hajauliza kamwe nani alitia saini fomu ile.